Mambo Niliyojifunza Nikinyoa Shingo za Watu Section 58

Mimi ni kinyozi wa Section 58, Nakuru, ukitoka katikati ya jiji kufuata barabara ya Nairobi. Kazi hii ina jambo moja ambalo wengi hawalifikirii. Mteja akishakaa kwenye kiti huniachia kichwa chake chote, masikio, kisogo, taya na koo, na nyingi ya sehemu hizo mwenyewe haziangalii hata akiwa na kioo. Daktari humpokea mtu akiwa ameshaugua. Mimi humshika shingo akiwa mzima, na akirudi baada ya wiki chache naweza kuona kilichobadilika.

Saratani za kichwa na shingo, yaani za mdomo, ulimi, koo, kisanduku cha sauti, pua na ile nafasi iliyo nyuma ya pua, nilikuwa sizijui kabla mjomba wangu wa Elburgon hajaugua. Ni ndugu wa mama, amefanya kazi miaka mingi kwenye viwanda vya mbao, na kila akishuka mjini lazima apitie kwangu kunyolewa. Aliugua, akatibiwa, yuko hai. Ninayoyaandika hapa nimeyapata kwake, kwa madaktari waliomtibu, kwenye vitabu nilivyosoma duka likiwa limefungwa, na kwenye shingo za wateja. Nililoliona ni kwamba karibu kila dalili ya magonjwa haya ina maelezo mengine ambayo sisi watu wa Nakuru tunayo tayari: vumbi, baridi, jino, TB, kelele za kazini. Na mara nyingi maelezo hayo huwa ya kweli. Ndiyo maana yule mmoja ambaye kwake si ya kweli huchelewa sana kwenda hospitali.

1. Uvimbe usiouma usikutulize

Watoto wanaoletwa kunyolewa hapa huwa na vitezi vidogo kisogoni, hasa wakiwa na mapunye. Ngozi ya kichwa ikipata maambukizi, tezi za karibu huvimba, huuma zikibonyezwa, na mapunye yakitibiwa hunywea. Vijana nao hupata vipele vya wembe kwa nyuma, vingine vikakomaa vikawa makovu magumu. Hayo yote nimeyazoea.

Uvimbe wa mjomba ulikuwa wa namna nyingine. Ulikuwa upande mmoja, chini ya sikio nyuma ya taya, mgumu, hausogei ukiusukuma kwa kidole, na hata nilipoubonyeza hakushtuka. Kutouma huko ndiko kulikompa amani. "Mpwa wangu, kitu kibaya si kingeuma?" Nimelisikia swali hilo kwa wateja wengi tangu wakati huo, kila mmoja akidhani amejijibu.

Saratani ikiwa changa mara nyingi haiumi. Mtu mzima akiwa na uvimbe shingoni uliodumu zaidi ya wiki tatu bila sababu inayoeleweka, anapaswa kuchunguzwa, na akishapita miaka 40 haja hiyo huwa kubwa zaidi. Jingine nililoelezwa, na ambalo sikuwa nimelifikiria kamwe, ni kwamba uvimbe wa shingoni, hata ukiwa ni saratani, kwa kawaida sio mahali ugonjwa ulipoanzia. Tezi imenasa chembe zilizotoka mdomoni, kooni au nyuma ya pua. Kwa hiyo anayepapasa uvimbe tu na kuandika dawa hajamaliza kazi. Lazima atazame mdomoni, kisha kamera nyembamba ipitishwe puani hadi kooni. Hiyo ni kazi ya daktari wa ENT, yaani wa masikio, pua na koo.

2. Pua iliyoziba upande mmoja haijazibwa na vumbi

Anayeishi Nakuru hahitaji kuelezwa habari za vumbi. Kuanzia Januari linapepea mpaka mvua ije, kisha Juni na Julai baridi inaingia, na katikati ya hayo yote kila mtu anapenga kamasi. Mjomba alikuwa na pua iliyoziba upande mmoja, na asubuhi alikuwa akiona michirizi ya damu kwenye leso. Sikio la upande uleule likawa linasikika kana kwamba maji yameingia. Zahanati moja ikampa vidonge vya mzio na dawa ya kudondoshea sikioni. Akarudi, akapewa tena.

Nimekuja kuelewa kwa nini sikio na pua viliugua pamoja. Nyuma kabisa ya pua, juu ya koo, kuna tundu la mrija unaoelekea sikioni. Kitu kikiota pale huziba mrija, na sikio hujaa majimaji. Vumbi halichagui tundu moja la pua likaacha jingine. Likiziba, huziba kote, na hali hiyo hubadilika na msimu. Mtu mzima ambaye tundu moja limeziba wiki baada ya wiki, au sikio moja limeziba bila mafua, anahitaji kuangaliwa nyuma ya pua, na kumwongezea dawa ya mzio ni kumpotezea wakati.

Kumbe nyanda zetu za juu zimeandikwa kwenye vitabu vya udaktari kwa sababu ya saratani ya nyuma ya pua, ile iliyompata mjomba. Miaka ya 1950 na 1960 daktari mpasuaji aitwaye Peter Clifford, aliyekuwa akifanya kazi Nairobi, aliona kwamba saratani hiyo ilijitokeza zaidi kwa watu wa nyanda za juu kuliko kwa watu wa sehemu za joto. Akaanza kuuliza kuhusu moshi: nyumba za baridi zisizo na dohani, moto unaowaka usiku kucha, masizi kwenye paa. Wakati huohuo habari nyingine ilikuwa inatoka Uganda. Denis Burkitt wa hospitali ya Mulago aliandika mwaka 1958 kuhusu uvimbe wa taya za watoto, na vipande vya uvimbe huo vilivyopelekwa London vikafichua mwaka 1964 kirusi kilichopewa jina la wagunduzi wake, Epstein na Barr. Miaka michache baadaye damu za wagonjwa, wakiwemo wa Kenya, zilionyesha kwamba kirusi hichohicho kinahusika na saratani ya nyuma ya pua. Karibu sisi sote tunacho tangu utotoni na hakitudhuru. Kwa wachache, kikikutana na mambo mengine ya urithi, vyakula na hewa, huwa na madhara. Sina dawa ya kirusi hicho. Lakini jiko la kuni ndani ya chumba kisicho na dirisha ni jambo ambalo mtu anaweza kulibadilisha, hata kwa kutoboa ukuta.

3. Usimeze dawa za TB ya tezi kabla uvimbe haujapimwa

TB ya tezi za shingo ni ugonjwa wa kawaida Kenya, na wengi wenye uvimbe kama wa mjomba huwa na TB kweli. Tatizo ni mtu kuanzishiwa dawa za miezi sita kwa kutazamwa tu. Kipimo chenyewe si kikubwa. Sindano nyembamba hutiwa kwenye uvimbe, chembe zikavutwa, zikapelekwa maabara. Ikibidi, hukatwa kipande kidogo. Kwenye kiti changu nimesikia watu wakiapa kwamba ukigusa saratani kwa sindano inatawanyika mwili mzima. Nilimuuliza daktari wa mjomba, akanijibu kwamba wanaokufa kwa kuogopa sindano hiyo ndio anaowajua.

4. Seremala, funika pua yako

Mjomba alitaka sana kusikia kwamba mbao ndizo zilizomharibia pua. Daktari hakumkubalia, na nadhani alifanya vyema. Saratani inayohusishwa kwa nguvu zaidi na vumbi la mbao ni ile inayoanzia ndani ya pua yenyewe na kwenye mapango ya mifupa ya uso, nayo ni adimu. Ya mjomba ilianzia nyuma zaidi.

Lakini ushahidi wa vumbi la mbao ni wa kweli, na historia yake inanivutia kwa sababu ilianza na mtu mmoja mwenye macho. High Wycombe ni mji wa Uingereza uliojulikana kwa kutengeneza viti. Miaka ya 1960 daktari wa ENT wa huko, Esme Hadfield, aligundua kwamba wagonjwa wake wenye saratani hiyo adimu walikuwa na kazi moja: mafundi wa samani. Mwaka 1995 taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliweka vumbi la mbao kwenye orodha ya vitu vinavyosababisha saratani kwa hakika. Mbao ngumu ndizo zilizoonekana kuwa na hatari kubwa zaidi.

Huku kwetu Elburgon, Molo na Njoro ni miji ya mbao, na hapa jijini vibanda vya maseremala vimejaa, msasa wa umeme unanguruma, fundi yuko kifua wazi, pua wazi. Wakija kunyolewa naona vumbi limejaa hadi ndani ya masikio. Nawaambia wavae barakoa inayobana vizuri usoni, wapige msasa nje penye upepo, na waache kufagia vumbi kavu au kulipuliza kwa mashine ya upepo. Wengi husema barakoa inawabana pumzi. Inabana kweli, nimeijaribu.

5. Sigara na pombe zikikutana

Sigara na pombe, kila moja peke yake, husababisha saratani ya mdomo, koo na kisanduku cha sauti. Zikiwa pamoja hatari haijumlishwi, inazidishwa. Nilipolisikia hili nilifikiria meza za baa, ambako moja humwita mwenzake. Ugoro unaowekwa chini ya mdomo nao umo, maana ni tumbaku ileile iliyokaa mahali pamoja muda mrefu. Kuhusu miraa na muguka ushahidi haujakomaa kiasi hicho, lakini wengi wanaotafuna huvuta na kunywa pia, hivyo upungufu huo wa ushahidi hauwasaidii.

Kaunti yetu ndiyo iliyomtoa John Mututho, mbunge wa zamani wa Naivasha, ambaye sheria ya pombe ya mwaka 2010 bado inaitwa kwa jina lake. Ilipoanza, baa zilitakiwa kufunguliwa saa kumi na moja jioni siku za kazi na kufungwa saa tano usiku. Watu waliicheka sheria ya Mututho. Mimi ningeiongezea meno badala ya kuicheka. Anayetaka msaada wa kuacha anaweza kupiga 1192, simu ya bure ya NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya.

Hapa pia ndipo sauti inapoingia. Makanga na wahubiri wa sokoni hukauka sauti, na sababu wanayo. Sauti iliyokwaruza zaidi ya wiki tatu bila kurudi ichunguzwe hata kama mtu anapiga kelele kwa kazi. Saratani ya nyuzi za sauti hujitangaza mapema kuliko nyingine, na ikikamatwa mapema hupona kwa wingi.

6. Chanjo ya binti yako

Kirusi cha HPV, kile kinacholeta saratani ya mlango wa kizazi, huleta pia saratani ya mafindofindo na ya shina la ulimi. Huambukizwa kwa kujamiiana, kwa kinywa pia, na nikifika hapo duka lote huangua kicheko. Marekani na Ulaya saratani nyingi za mafindofindo siku hizi hutokana nacho, hata kwa watu wasiovuta sigara.

Kenya ilianza kutoa chanjo yake Oktoba 2019 kwa wasichana wa miaka 10, na uvumi ukaanza siku ileile kwamba inafunga kizazi. Haifungi. Desemba 2022 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba hata dozi moja inaweza kutosha kumkinga msichana. Wavulana hawamo kwenye mpango wa serikali. Baba mwenye mtoto wa kike wa umri huo akikaa kwenye kiti changu, hilo nitamuuliza kabla sijamuuliza anataka mtindo gani.

7. Fungua mdomo, hata kama meno ni ya kahawia

Bonde la Ufa lina maji yenye floridi nyingi, inayotoka kwenye miamba ya volkano. Kiwango kinachokubalika ni miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya pande zetu hupita hapo. Ndiyo maana wengi tuliokulia hapa tuna meno ya kahawia yenye mabaka. Dayosisi ya Katoliki ya Nakuru imehangaika na jambo hili kwa miaka, ikitengeneza vichujio vya mifupa ya wanyama iliyochomwa, kwa sababu mifupa hiyo hunasa floridi.

Floridi hiyo haileti saratani ya mdomo. Inacholeta ni aibu. Watu wa hapa hucheka wameziba mdomo kwa mkono, na mtu anayeona aibu kucheka hatafungua mdomo mbele ya mtu mwenye koti jeupe. Wengi humwona daktari wa meno jino likishawashinda, na wanachotaka ni koleo tu.

Nyumbani mtu anaweza kujiangalia mwenyewe kwa tochi ya simu na kioo. Inua ulimi utazame chini yake, uvute huku na huku uone pembeni, funua mashavu na midomo. Kinachotafutwa ni kidonda kisichopona baada ya wiki tatu, baka jeupe au jekundu lisilofutika, uvimbe, ganzi ya mdomo au kidevu, jino lililolegea bila kuoza, au shimo la jino lililong'olewa ambalo limekataa kufunga. Hayo mawili ya mwisho yaweke akilini. Jino linaweza kulegea kwa sababu kilichougua ni nyama iliyolizunguka, na kuling'oa hakumalizi jambo.

8. Kipara na jua

Tuko karibu na Ikweta, juu ya mita 1,800, na jua la huku huunguza hata siku ya baridi. Kwa wenye ualbino saratani ya ngozi ya uso, masikio, midomo na shingo huanza wakiwa vijana. Wanapata mafuta ya kujikinga na jua bila malipo kupitia Baraza la Kitaifa la Watu Wenye Ulemavu kwenye hospitali za serikali. Mteja mwenye ualbino simnyoi kipara kabla hatujazungumzia kofia yenye ukingo mpana.

9. Chai

Ipoe kidogo. Vinywaji vya zaidi ya nyuzi 65 vinahusishwa na saratani ya umio, na jirani zetu wa Bomet, kwenye hospitali ya Tenwek, wameiona saratani hiyo kwa wingi unaotisha. Umio si shingo hasa, lakini njia ya chai ni moja.

10. Mionzi si mwisho wa mtu

Mjomba alipougua, Nakuru haikuwa na mashine ya mionzi. Kwa miongo mingi hospitali ya umma iliyokuwa nayo nchini ilikuwa Kenyatta peke yake, na wagonjwa wa Kenya nzima walikuwa wakikutana kwenye foleni ile. Matibabu yake ni siku tano kwa wiki, kwa wiki sita au saba, na mtu wa Elburgon hawezi kwenda na kurudi. Alilala kwa jamaa Nairobi. Sasa hospitali yetu ya rufaa, ambayo wenyeji bado tunaiita PGH, ina kituo cha saratani chenye mionzi, na anayeishi Section 58 anaweza kutibiwa na kulala kwake. Bima nayo imebadilika. NHIF iliondoka, SHA ikaingia Oktoba 2024, na nawahimiza wateja wajiandikishe wakiwa wazima na walipe mchango.

Kabla ya mionzi mjomba alipelekwa kwa daktari wa meno, jambo lililomshangaza. Meno mabovu hung'olewa kwanza, kwa sababu mfupa wa taya uliopigwa mionzi huchelewa kupona, na kuling'oa jino baadaye kunaweza kuuozesha. Kisha akapewa dawa ya floridi ya kupaka kwenye meno yaliyobaki. Alicheka mpaka akakohoa. "Floridi ya kisima chetu imeniharibia meno, na sasa nanunuliwa nyingine!"

Mengine hayakuchekesha. Walimtengenezea barakoa ya plastiki iliyofuata umbo la uso wake, ikafungwa kwenye kitanda ili asitikisike. Wiki ya tatu koo likawa kidonda, akaanza kukonda. Uji wenye maziwa, ndengu zilizopondwa na mayai ndivyo vilivyomvusha. Mpaka leo mate yake ni machache, na ugali hauli bila kikombe cha maji mkononi.

Kwa upande wangu nilijifunza kumnyoa upya. Ngozi ya shingo inayopigwa mionzi haiguswi na wembe, wala spiriti, wala marashi ya baada ya kunyoa. Nilitumia mashine peke yake, bila kukandamiza, na palipochubuka nikapaacha na ndevu zake.

11. Namna ya kumwambia mtu

Simwambii mteja kwamba ana saratani. Sijui, na si kazi yangu kujua. Sisemi pia mbele ya wengine, maana duka la kinyozi lina masikio. Nasubiri nimalize, namshikisha kidole chake mwenyewe pale, namuuliza, "Mzee, hiki kilikuwepo ulipokuja mara ya mwisho?" Kisha nampiga picha ya shingo kwa simu yake, ibaki na tarehe. Akirudi kunyolewa kikiwa bado kipo, tunazungumzia hospitali. Muda kati ya kunyolewa na kunyolewa kwa wanaume wengi ni kama wiki tatu, na hilo limenirahisishia kazi.

Wengi hushukuru. Mmoja alikasirika, akasema hakuja kutabiriwa, akahamia kwa kinyozi wa ng'ambo ya barabara. Jioni hiyo nilivuka, nikamwonyesha yule kinyozi kwenye shingo yangu mahali pa kugusa.